Kutoka Joensuu hadi Gigiri

Chuo kikuu cha Nairobi kikitia saini hati ya ushirikiano na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, au na shirika jingine la kimataifa la mazingira, maneno kwenye ofisi za wahadhiri huwa yaleyale: picha ya pamoja, chai, warsha ya siku mbili hotelini, kisha hati inafungiwa kabatini. Wasemao hivyo hawasukumwi na wivu. Baadhi yao wamechota sampuli za maji ya Mto Nairobi asubuhi baada ya asubuhi, na ripoti ilipotoka majina yao yakawekwa mwisho, kwenye shukrani.

Hoja yao ina uzito. Mwenye pesa ndiye achaguaye swali. Ufadhili ukija wa kaboni, tasnifu zote zinakuwa za kaboni, na maji machafu yanayopita katikati ya mtaa wa mabanda wa Mathare yanangoja mfadhili wao. Msomi Mahmood Mamdani, alipokuwa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, alilalamikia utamaduni huu wa kazi za ushauri unaomgeuza mtafiti kuwa mjibu maswali ya mteja. Hapo sina ubishi.

Ninakotengana nao ni pale wanapofikia kusema kwamba heri vyuo vyetu vijitenge, vifanye utafiti wao na kuwaachia wanadiplomasia mikutano yao.

Mwaka 2004, chuo kikuu cha Joensuu, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Mashariki mwa Finland, kilianzisha pamoja na UNEP kozi ya kuwafunza wajumbe jinsi mikataba ya mazingira inavyojadiliwa na kuandikwa. Joensuu ni mji wa mbali, karibu na mpaka wa Urusi, wenye watu wasiofika laki moja. Nairobi ilihesabiwa kuwa na watu milioni 4.4 mwaka 2019, na makao makuu ya UNEP, yaliyoko leo mtaa wa Gigiri, yako jijini hapa tangu miaka ya sabini. Miaka miwili kabla ya kozi hiyo ya Finland, Chuo Kikuu cha Tongji cha Shanghai kilikuwa kimeshafungua taasisi nzima kwa ushirikiano na shirika hilohilo. Kutoka Joensuu hadi Gigiri mtu anabadilisha ndege njiani. Kutoka katikati ya jiji letu hadi Gigiri ni matatu moja tu, zile za kwenda Ruaka. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka na bado linaniuma. Wenzetu waliona mapema kwamba kuandika mkataba ni ufundi, na kwamba ufundi hufundishwa. Sisi tulihesabu ajira, kodi za nyumba za Runda na hoteli zinazojaa wageni.

Ufundi huo una maana gani kwa mtu wa Dandora, penye jaa kuu la taka la Nairobi? Machi 2022, wajumbe wa mataifa 175 waliamua wakiwa hapa Nairobi kwamba uandikwe mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Novemba 2023 walirudi Gigiri kwa duru ya tatu ya majadiliano, na rasimu iliyotokana na duru ile ilikuwa na kurasa zaidi ya maradufu ya ile waliyokuja nayo, kila upande ukiwa umeingiza maneno yake ndani ya mabano, yaani yasiyokubaliwa bado. Agosti 2025 wakaachana Geneva bila makubaliano. Katika duru kama hizo vikundi hukaa vyumba mbalimbali kwa wakati mmoja, mara nyingi hadi usiku wa manane. Nchi yenye wajumbe watatu haiwezi kuwamo katika vyumba vitano kwa pamoja, hata kama ni Kenya iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Agosti 28, 2017 na ina mengi ya kusimulia.

Mwaka jana nilikaa nyuma ya darasa moja la sheria ya mazingira. Wanafunzi walikuwa wamegawanywa kama nchi, kila mmoja na rasimu yake iliyochapwa. Binti aliyewakilisha visiwa vidogo alizungushia kalamu nyekundu maneno manne: “kadiri ya uwezo wake.” Akauliza, “Mwalimu, haya yakibaki, kuna nchi itakayowahi kuonekana imevunja kifungu hiki?” Mwalimu alinyamaza kidogo, akamwambia ayafute kisha atetee ufutaji wake mbele ya wenzake waliowakilisha nchi zinazouza mafuta. Akatetea kwa dakika kumi, akitolea mfano mitaro ya mtaani kwao inayofurika mvua ikinyesha kwa sababu imezibwa na chupa. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayetaka awe kwenye chumba cha nne saa saba za usiku.

Wapinzani watasema: mfunze huyo binti, na mashirika hayohayo ya Gigiri yatamwajiri kwa mshahara ambao serikali haiwezi kuulipa. Wengine wataondoka kweli. Lakini ushirikiano wenyewe hauna umbo moja. Wangari Maathai alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipoingia kwenye bodi ya Environment Liaison Centre, kituo kilichoanzishwa hapa jijini kuunganisha mashirika ya kiraia na UNEP. Meza ile ya kimataifa haikumtoa kwa wanawake wa vijijini. Mwaka 1977 alikuwa nao, wakipanda miche.

Kwa hiyo ugomvi wangu uko kwenye vipengele vya hati. Data ya mito yetu ihifadhiwe chuoni, na aliyechota maji atajwe kama mwandishi. Wahadhiri wawe na sauti katika kuchagua maswali ya utafiti kabla bajeti haijafungwa. Na kabla ya duru ijayo ya plastiki, ujumbe wa Kenya utengewe viti viwili vya wanafunzi wa uzamili, majina yao yajulikane miezi sita kabla, wapewe rasimu mapema na waketi na maafisa wa wizara wanapoandaa msimamo wa nchi.