Mjomba hakuwa na maringo

Masasi kwetu, mtu asipoitikia shikamoo anaambiwa ana maringo. Mjomba wangu alibeba neno hilo miaka mingi. Alisimamia mashine ya kusaga na kukoboa tangu ujana wake, na kwa sisi wa kusini mjomba ni mzazi, kwa hiyo lilituuma nyumba nzima.

Kumbe hakuwa anatusikia. Au niseme vizuri: sauti alizisikia, maneno hakuyapata. Ukimwambia sita, pita, fika au shika, kwake yote yalikuwa i na a tu. Kelele huanza kula sauti nyembamba, zile za s, f na sh, ndiyo maana watoto na wanawake ndio waliolalamika kwanza kwamba mzee anawapuuza.

Kidonda hiki hakitoi damu. Ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vidogo mno, na zikishakufa hazioti tena. Unatoka kazini masikio yanavuma, asubuhi yametulia, unadhani umepona. Miaka inapita hivyo.

Mwaka jana nilisimama pale alipokuwa akisimama yeye, ndani ya kibanda cha bati, injini ya dizeli hatua tatu tu kutoka kwenye mdomo wa mashine. Nikafungua programu ya kupimia sauti kwenye simu. Ikasoma 97 kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Simu si kipimo cha mkaguzi, lakini hesabu yake ilininyima usingizi. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, inashauri mfanyakazi asizidi desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda ukatwe nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa 1, 97 kwa nusu saa. Mjomba alikuwa akiwasha injini saa mbili asubuhi. Kwa hesabu hiyo, ilipofika saa mbili na nusu siku yake ilikuwa imekwisha, naye alibaki pale mpaka jua linazama.

Sasa ukiwauliza wenye mashine, wenye karakana za mbao, hata mafundi wa grenda, wengi watakujibu: vijana nimewapa vizibo vya masikio. Hapo ndipo ninapokataa. Umewapa kabla ya kupima? Unajua nani anakaa karibu na injini na kwa saa ngapi? Kizibo kilichochomekwa nusu hakizuii kitu cha maana, na pamba ya dukani ndiyo kabisa. Tena akikitoa kila mteja anapomsemesha, kinga ya siku nzima inaporomoka.

Kazi inaanzia kwenye mashine yenyewe. Bolti zilizolegea zikazwe, beringi iliyokwisha ibadilishwe, chini ya injini iwekwe mipira ya kupunguza mtikisiko. Injini ihamishiwe nyuma ya ukuta wa tofali, maana bati linairudisha kelele kwa mtu. Halafu vijana wapokezane, asisimame mmoja kutwa. Vizibo vije mwisho, kwa kelele iliyobaki. Na masikio yapimwe siku ya kuajiriwa, kisha kila mwaka, ili kupungua kwa usikivu kuonekane mapema.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo, na OSHA yetu ya Tanzania, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ndiyo inayoisimamia. Lakini kibanda cha mashine kijijini hakisubiri mkaguzi. Anayesimama pale leo ni kijana wa miaka 19. Ukisimama hatua moja tu kutoka kwake na mnalazimika kupigiana makelele ndipo msikilizane, tayari kelele imezidi.

Nimezungumza na mwenye mashine. Injini amekubali kuihamisha baada ya msimu wa korosho. Nimemwomba aihamishe kabla, nami nimejitolea kuchangia tofali.