Aliyebomolewa nyumba usimwambie "ni mapenzi ya Mungu"

Sisi tuliokulia Kenya tunajua kuomboleza pamoja. Mtu akifikwa na msiba, kabla jua halijatua turubai limesimama, akina mama wako jikoni na daftari la mchango linazunguka. Hapa London unaweza kufiwa, na jirani wa ukuta mmoja asijue. Kwa hilo tumewazidi mbali. Lakini kumfariji mtu aliyeponzwa na binadamu mwenzake, watu wa North Kensington, mtaa wa hapa London, wanajua kuliko sisi.

Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 moto ulianzia kwenye friji katika ghorofa ya 4 ya Grenfell, jengo refu la makazi mtaani humo, ukashika paneli zilizobandikwa nje ya kuta, ukapanda hadi juu. Watu 72 walikufa. Wakazi walikuwa wamelalamikia usalama wa jengo hilo kabla, wala hawakusikilizwa. Majirani hawakukimbilia kuwatuliza walionusurika. Waliwaamini, wakawa wanatembea nao barabarani kimya kimya kila tarehe 14 ya mwezi. Ripoti ya mwisho ya uchunguzi, Septemba 2024, ilikiri kwamba vifo vyote vingeepukika.

Sasa tazama mafuriko ya Nairobi ya 2024. Mathare na Mukuru maji yalibeba nyumba, kisha matingatinga yakaja kubomoa zilizosalia kando ya mto, na ahadi ya shilingi 10,000 kwa kila familia. Aliyebomolewa hivyo ana majonzi na ana hasira, na kila moja ina haki yake. Ukimwambia "shukuru uko hai, ni mapenzi ya Mungu", umemfunga mdomo. Mvua ni ya Mungu. Tingatinga lina dereva, na dereva ana aliyemtuma. Najua wengi husema hivyo kwa imani safi. Basi imani hiyo aitaje mwenyewe aliyefikwa, nawe uitikie.

Anza na "pole sana", kisha "hamkustahili kutendewa hivi", kisha nyamaza. Akilaani, mwache alaani. Usiulize kwa nini alijenga kando ya mto. Anajua kodi ya kwingineko kukuzidi wewe.

Ukiwa ughaibuni, usipige simu ghafla. Aliyefurikiwa anachaji kwa jirani au kibandani kwa kulipia, na simu ndefu itammalizia chaji. Tanguliza ujumbe: "Nitapiga saa mbili usiku, usihangaike kujibu." Saa mbili ya Nairobi ni saa kumi na mbili jioni London wakati wa kiangazi, saa kumi na moja wakati wa baridi.

Ukituma pesa, ongeza ya kutolea, na umtumie mwenyewe. Zikipitia kwa mjomba wa mbali hufika zimepungua, na mwenye shida huanza kuombaomba haki yake. Magunia ya nguo kuukuu tuyaache. Kinachokosekana siku za kwanza ni maji safi, sabuni, pedi, blanketi, sufuria na kitu cha kuwashia moto. Sufuria naisisitiza. Baada ya Grenfell, familia ziliwekwa hotelini pasipo jiko, wakiletewa chakula cha watu wengine. Wanawake wakaomba kutumia jiko la msikiti wa Al-Manaar, wakapika vyakula vya kwao, wakalisha watoto wao na majirani. Mtu aliyepoteza kila kitu akiweza kuonja chumvi ya mchuzi wake mwenyewe, anarudi kuwa mwenye nyumba.

Stakabadhi ndizo husahaulika. Kitambulisho kikisombwa, mtu ana mlolongo wa kuomba kingine, nao hula nauli na siku za kibarua. Mtumie nauli, na kama una ndugu mjini, mwombe amsindikize: aliyechoka akiambiwa "rudi kesho" mara mbili huacha kabisa. Picha za nyumba kabla na baada, risiti za kodi, ujumbe wa ilani ya kuhama, mwombe akutumie uzihifadhi, ziwe ushahidi wakifungua kesi. Simu yake inaweza kulowa au kuibwa.

Kwetu watu hutawanyika baada ya mazishi, wakarudi siku ya arobaini, basi. Aliyebomolewa hana hata hiyo arobaini. Andika tarehe ya janga lake kwenye kalenda ya simu, ijirudie kila mwezi. Ikilia, mpigie umuulize wamefikia wapi na ile kesi.