Karatasi ya "kwa hiari yangu" inawanyima wanawake fao lao

Tangu sheria za hifadhi ya jamii ziliporekebishwa mwaka 2018, Tanzania ina fao la upotevu wa ajira. Mwanachama wa NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, aliyechangia miezi 18 na kupoteza kazi kabla ya kufikisha miaka 55 anastahili theluthi moja ya mshahara wake kwa miezi sita. Kwa mama anayelipwa laki tatu, hiyo ni kama laki moja kila mwezi. Si hela nyingi kwa Dar es Salaam, lakini ukiwa umepanga chumba Mbagala inakuvusha, unatafuta kazi nyingine bila kukimbilia mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali.

Kuna sharti moja linalonikera: uwe hukuacha kazi mwenyewe. Ukilisoma haraka utaliona la haki kabisa. Shida ni kwamba wanawake wengi mjini hapa hawafukuzwi kwa barua ya kufukuzwa.

Jirani yangu wa Tabata alikuwa mshonaji kiwandani. Aliporudi kutoka likizo ya uzazi alikuta mtu mwingine amekalia cherehani yake. Akaitwa ofisini, akawekewa mezani karatasi iliyokwisha kuchapwa: "Naomba kuacha kazi kwa hiari yangu kutokana na majukumu ya kifamilia." Kilichobaki wazi ni mstari wa jina na wa sahihi. Akaambiwa akisaini atalipwa siku zake leo leo, akigoma asubiri kuzungushwa. Mtoto yuko mgongoni, kodi ya miezi sita inanukia. Akasaini. Baadaye alipoanza kuulizia fao, karatasi ile ile ndiyo iliyomkwamisha: imeandikwa ameacha kwa hiari.

Na sheria yetu yenyewe inaujua mchezo huu! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiri akimkatalia mwanamke kurudi kazini baada ya likizo ya uzazi, amemwachisha kazi. Inasema hivyo hivyo kwa mfanyakazi anayeondoka kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isikalike. Kumwachisha mtu kwa sababu ya ujauzito nako imekataza. Kwa hiyo sidai sheria mpya. Nadai kwamba maana ya kuachishwa kazi iliyomo katika sheria ya ajira ndiyo itumike pia fao linapoombwa. Mama akileta barua ya kuacha kazi yenye tarehe inayogusana na likizo yake ya uzazi, aulizwe kilichotokea kabla ya faili kufungwa.

Najua wapo watakaosema watu watadanganya. Wachache watajaribu, ndiyo. Lakini tarehe za likizo zipo kwenye kumbukumbu, rekodi za michango zipo, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo kwa ajili ya kupima maneno ya pande mbili. Hofu ya mdanganyifu mmoja isiwe sababu ya kumfungia mlango aliyelazimishwa.

Wapo pia ambao hata lile sharti la kuchangia hawalifikii. Dada wa kazi Masaki, muuza duka Kariakoo, mhudumu wa baa Sinza: wengi hawajaandikishwa kabisa, na wanaopewa mikataba ya miezi mitatu mitatu ni vigumu kuifikisha hiyo miezi 18. Hilo linahitaji wakaguzi wa kazi wapite huko, na lina makala yake.

Kwa sasa, dada, ukiwekewa karatasi ya namna hiyo usiisaini. Omba kwa maandishi urudishwe kazini na ubaki na nakala. Wakikukatalia, una siku 30 za kupeleka shauri Tume, na siku hizo zinaisha haraka ukiwa na mtoto mchanga. Nenda wiki hiyo hiyo. Kama ulishasaini kwa kulazimishwa, nenda vilevile, ueleze ulivyosainishwa na nani alikuwepo.