Kisumu: bandari imefufuka, Lwang'ni imevunjwa

Reli kutoka Mombasa ilifika kwenye Ziwa Victoria mwaka 1901, mahali ambapo Waingereza walipaita Port Florence, na Kisumu ikakua kutokea hapo: maghala, maduka ya Wahindi, ofisi za serikali. Bandari ilipodorora, magugu maji yakatanda na treni ya abiria ikakoma, mji ulipungukiwa na nguvu zake. Ndiyo maana ukarabati ulioanza 2019 ulitufurahisha wengi. MV Uhuru, meli ya miaka ya 1960, ikarudi kubeba mizigo kwenda Uganda, na Desemba 2021 treni ya abiria kutoka Nairobi ikaingia tena.

Lakini ufufuo huo ulikuwa na gharama, na gharama hiyo inaitwa Lwang'ni. Wageni wakifika Kisumu, hapo ndipo walipopelekwa: vibanda vya mabati kando ya maji, akina mama wamesimama mbele ya karai, ngege mzima anakaangwa huku ukingoja, ugali unaletwa na maji ya kunawa kwenye jagi. Vibanda hivyo vilivunjwa ili kupisha bandari.

Wanaotetea uamuzi huo wana hoja nzito. Ardhi ilikuwa ya reli. Bandari inayopokea meli inahitaji uzio na ulinzi. Pembeni ya vibanda magari yalioshwa ziwani, mafuta na sabuni vikaingia katika maji yaleyale wanamovuliwa samaki. Anayelipenda ziwa hawezi kulifumbia macho hilo.

Hata hivyo, swali langu ni jingine: nani huamua kipi ni alama ya mji? Tazama mnara wa saa katika Barabara ya Oginga Odinga. Ulizinduliwa 1938 na gavana wa kikoloni, baada ya kujengwa na wana wa mfanyabiashara Kassim Lakha kumkumbuka baba yao. Ulikuwa ukumbusho wa familia moja. Umekuwa wa Kisumu kwa sababu watu wameuzoea, wameagana kukutana chini yake, wameuelekezea wageni njia. Mnara mwingine, uliosimamishwa na Masingasinga kuadhimisha miaka 100 ya hekalu lao, ulishambuliwa na waandamanaji mwaka 2015. Uharibifu ule ulikuwa dhuluma kwa jamii iliyoujenga mji huu pamoja nasi. Nao pia unaonyesha kwamba jiwe halipati heshima siku linapozinduliwa. Watu ndio huitoa heshima hiyo taratibu, au huizuia.

Au chukua hospitali kuu, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti. Imebadilishwa jina, siku hizi ni ya Jaramogi Oginga Odinga, lakini mwambie bodaboda "Russia" na atakufikisha. Mzee aliyekuwepo Oktoba 1969, siku Rais Kenyatta alipokuja kuifungua na polisi wakawapiga risasi wananchi, haoni pale majengo tu.

Kwa kipimo hicho Lwang'ni ilikuwa alama ya mji kama mnara wa saa. Tofauti ni kwamba sheria ya turathi ya 2006 inajua kulinda jengo lenye umri na kuta. Karai na benchi la mbao haijui ivilinde vipi. Tumetunza vizuri zaidi tulichoachiwa na mkoloni kuliko kile akina mama wetu walichokianzisha wenyewe, na hilo linaniuma.

Sidai vibanda virudishwe vilivyokuwa. Uoshaji wa magari usirudi kabisa. Lakini ufuo wa Kisumu ni mrefu, na kaunti inaweza kutenga sehemu yake kwa wakaangaji samaki: bomba la maji safi, mfereji wa majitaka usioishia ziwani, paa, na ada ambayo mwenye karai moja anaimudu. Nafasi za kwanza wapewe wale waliovunjiwa.