Hii kura ya maoni itanizeesha jamani

Naomba niseme hili la kwangu halafu nirudi kwenye tofali zangu, maana zege nimeshachanganya na jua la Mbagala mnalijua. Mimi ni fundi wa kufyatua tofali. Jina langu la kuzaliwa watu wameshalisahau, hapa kijiweni naitwa Mzee Ibara, na uzee wenyewe hata sijaufikia, nimesukumiwa tu na hii habari ya kura ya maoni ya katiba mpya.

Ilianza 2012. Tume ya Jaji Warioba ilikuwa inazunguka nchi kukusanya maoni ya katiba mpya, na siku walipofika maeneo yetu mama Zuhura alikuwa na mimba ya huyo huyo Zuhura, kanituma sokoni nimletee ndimu kichefuchefu kimemzidi, basi napita nakuta turubai, viti vya plastiki, spika linakoroma, watu wamejaa, nikasema ngoja nichungulie dakika tano. Nikachungulia mpaka nikajikuta nimeshika kipaza sauti. Sijui nani alinipa. Nikasema waheshimiwa, mimi naomba mbunge awe kama chenji, ukipewa noti mbovu si unairudisha pale pale dirishani, kwa nini hii tukae nayo mfukoni miaka mitano? Watu wakalipuka, na yule dada wa tume akaandika. Nilimwona kwa macho yangu, kaandika mstari mzima na kipande. Ndimu nikasahau. Hilo mama Zuhura hajasamehe mpaka naandika hapa.

Sasa 2013 rasimu inatoka, jamaa mmoja pale kijiweni anasoma kwa sauti, serikali tatu, sawa, waziri asiwe mbunge, sawa, mbunge vipindi vitatu basi akapumzike, sawa, mara nasikia wananchi wataweza kumwondoa mbunge wao kabla muda haujaisha. Nikamwambia rudia hapo. Akarudia. Nikasimama na kikombe cha kahawa mkononi nikawaambia hiyo ni ya kwangu! Wakabisha eti watu maelfu kwa maelfu wametoa maoni wewe unajuaje ni yako, mimi nikawauliza yule dada aliandika nini sasa, orodha ya harusi? Ndo jina la Mzee Ibara lilipozaliwa, na kwa kweli mwanzoni nililipenda. Nilikuwa natembea kifua mbele kama mtu mwenye kiwanja Masaki.

Halafu tukaingia Dodoma. Sisi wengine tulifuatilia redioni huku tunafyatua. Bunge Maalum la Katiba limeanza Februari 2014, unasubiri kusikia habari ya haki na madaraka ya rais, kitu cha kwanza kinachonifikia masikioni ni posho, kuna waheshimiwa wanasema laki tatu kwa siku haitoshi. Nilishusha kibao cha kufyatulia nikapiga hesabu. Wakati ule nalipwa shilingi 100 kwa tofali moja, kwa hiyo laki tatu ni tofali 3,000, na mimi siku nzima nikijitahidi mgongo ukikubali natoa 150. Siku ishirini! Mtu anaamka, anaoga, anakaa kwenye kiti kinachozunguka, jioni kashafyatua tofali 3,000 na nguo haina vumbi, na anasema hazitoshi. Na ikaundwa kamati kabisa ya kulitazama hilo la posho. Kamati iliundwa fasta hiyo, mchakato haukuonekana hapo.

Ikaja sasa ya kura, wapige ya siri au ya wazi. Jamani lile suala lilikaa. Wiki zinapita, wanabishana wao wapigeje kura, na mwisho wake wakakubaliana nini? Zote mbili. Anayetaka siri apige siri, anayetaka wazi apige wazi. Yaani hayo ni maamuzi ya kwangu nyumbani nikiulizwa ugali au wali, sio ya watu 600 na kitu waliofungiwa Dodoma. Aprili wale wa UKAWA, umoja wa wapinzani, wakatoka nje wakasema hawarudi, waliobaki wakaendelea, na tarehe 2 Oktoba 2014 wakaipitisha. Tena kanuni zilirekebishwa hata aliyekuwa nje ya nchi apige kura yake kwa nukushi au barua pepe. Hiyo iwekeni akilini, nitairudia.

Kwenye ile waliyoipitisha, Katiba Inayopendekezwa, ibara yangu haimo. Nimeitafuta. Nilipata kile kijitabu nikakaa nacho chini ya mwembe, nikaanza mbele kwenda nyuma, nikarudi nyuma kwenda mbele, mbunge kama chenji hayupo. Nikakuta haki za wakulima, zipo, wafugaji wapo, wavuvi wapo, wachimbaji madini wapo. Nikasema haya basi labda wamenifidia, nikatafuta fundi tofali. Hakuna! Kijiweni wakaniambia pole Mzee Ibara, mmoja akanipa mkono kama nimefiwa, wakanichangia kahawa.

Lakini nikajipa moyo kwa kitu kimoja, kwamba bado kuna kura ya maoni. Wao wamepiga yao, sasa ni zamu yetu, ndiyo au hapana, tarehe 30 Aprili 2015. Nikaizungushia ile tarehe kwa kalamu kwenye kalenda ya ukutani. Nilijipanga mimi. Jamaa akaniletea kazi ya tofali 2,000 Chalinze, kazi ya wiki mbili, chakula juu yake, nikamwambia ndugu yangu mwisho wa mwezi wa nne sitoki Dar, nina shughuli ya kitaifa. Akaniangalia sana. Akasema sawa mheshimiwa.

Sasa ili upige kura lazima uandikishwe kwa ile mashine mpya ya BVR, inachukua picha na alama za vidole. Mashine zimeanza kazi mwishoni mwa Februari, huko Makambako, Njombe. Mimi sio mtaalamu lakini nimewahi kupanda basi la kwenda Mbeya, najua Makambako ilipo, nikajiuliza miezi miwili hizi mashine zitapita nchi nzima zinifikie mimi Mbagala? Tarehe 2 Aprili Tume ya Uchaguzi ikatangaza kura imeahirishwa, uandikishaji haujakamilika. Nikampigia jamaa wa Chalinze nikamwambia ile shughuli ya kitaifa imeahirishwa naweza kuja. Akasema tofali zimeshafika kwenye linta. Akacheka halafu salio lake likaisha au alikata, mimi naamini alikata.

Na siku yenyewe ya tarehe 30 ilipofika, hapa Dar es Salaam hata kuandikishwa bado! Mashine zimekuja kwetu Julai. Fikiria, umealikwa kula Aprili, sahani inaletwa Julai. Nikapanga foleni tangu alfajiri, nikafika, karani ananiambia weka kidole, mashine inalia tiii. Weka kingine. Tiii. Simenti imeshakula vidole vyote, viko laini kama sabuni ya kipande, hakuna mstari. Foleni huko nyuma wameanza kuguna, wengine wanasema huyo sio raia. Karani akaniambia mzee kanawe na ndimu, zinasaidia kutoa simenti. Mama Zuhura alikuwa foleni ya akina mama na mtoto mkononi, akatoka bila kusema neno, akaenda genge la jirani, akarudi na ndimu nne kwenye mfuko, akaniwekea kiganjani mbele za watu. "Ndo hizi za 2012."

Nikanawa. Kidole gumba kikakubali. Kadi nikapata, na nisiseme uongo kadi imenifaa, nimesajilia laini ya simu, nimeombea mkopo, nimemdhamini shemeji polisi, Oktoba nikapigia kura ya uchaguzi mkuu kidole kikakaa na wino wiki nzima. Ile kura iliyonifanya niikimbilie ndo sijapiga. Na hapa ndo narudia ile ya nukushi. Mheshimiwa yuko ng'ambo, kura yake ilimfuata huko huko. Mimi niko Mbagala, shule ya kupigia kura naiona nikiwa chooni, kengele yao ndo inaniamsha, mimi ndo sifikiki.

Tangu hapo ni mchakato. Hilo neno mnalijua. Ukiuliza, mchakato unaendelea. Ukiuliza unaendelea wapi, uko kwenye hatua. Nikaona kumbe ni neno zuri kama linafanya kazi kwa wakubwa, ngoja nilijaribu huku chini. Nikaenda kwa mangi, nadaiwa unga kilo kumi na sukari, akanifungulia daftari, nikamwambia mangi ndugu yangu, malipo yapo kwenye mchakato, tunaangalia namna bora ya kulishirikisha suala hili kwa wadau. Mangi kafunga daftari taratibu. Akasema unga wangu hauna wadau, una bei. Mama Zuhura nilimwahidi friji, kila Desemba namwambia tuko kwenye hatua za mwisho, siku hizi haniulizi, ila mboga ikilala ikachacha ananipakulia mimi peke yangu.

Awamu ya tano ya Magufuli ikaingia, katiba sio kipaumbele, hela bora ziende kwenye reli. Haya, reli nayo ni kitu, nilinyamaza. 2021 mama Samia kachukua nchi, na huyu alikuwa makamu mwenyekiti wa lile Bunge Maalum lenyewe, nikasema huyu anajua alipoiweka, akasema tumpe muda asimamishe uchumi kwanza. Haya, uchumi. Kikaja kikosi kazi, kikakaa, kikatoa ripoti. Halafu 2023 waziri wa Katiba na Sheria akatangaza mpango wa miaka mitatu wa kutufundisha hii katiba tuliyonayo, kwa kuwa wananchi wengi hatuijui. Miaka mitatu! Hapo nilikaa juu ya tofali mbichi, nikaziharibu mbili. Yaani mtu unamdai shati, anakwambia subiri kwanza nikufundishe hilo ulilovaa linafungwaje vifungo.

Kile kijitabu changu unajua kimeishia wapi? Kilipotea nikakisahau, siku moja nanunua mihogo ya kukaanga kwa mama wa kona, nafungua karatasi, mafuta yamelowa pilipili imegandia, nasoma, nakuta haki za wavuvi. Nikauliza mama hizi karatasi umetoa wapi, akasema mwanao kanibadilishia na kachori mbili. Niliendelea kusoma mpaka palipochanika, kipande kilichobaki ameondoka nacho mteja wa mbele yangu, tena alikuwa na haraka.

Ndo huyo huyo Zuhura sasa, yule wa tumboni. Ana miguu mirefu siku hizi, anamaliza shule ya msingi. Juzi kaja na kazi ya nyumbani, panga matukio ya kitaifa kwa miaka yake, Uhuru 1961, Mapinduzi na Muungano 1964, vyama vingi 1992, halafu mwisho andika tukio moja lingine unalolijua wewe. Akaniuliza mimi. Nani kijiweni asingefurahi? Nikamwambia andika, kura ya maoni ya katiba mpya, tarehe 30 Aprili 2015, nikamtajia na siku, Alhamisi. Maana hiyo tarehe ndo pekee naijua kwa moyo, ya ndoa yangu huwa naulizia.

Jana karudisha daftari. Mkasi mwekundu mkubwa, pembeni mwalimu kaandika halikutokea, sahihisha. Nikataka niende shule nikaongee naye, nikavaa hadi viatu, halafu nikawaza nitamwambia nini, mwalimu wa watu hajakosea. Nikavua. Zuhura kakaa mezani kachonga penseli, kalamu iko sikioni, ananiangalia.

"Baba, sasa kwenye sahihisho mwaka niweke upi?"

Nikamwambia acha nafasi.

"Mwalimu kasema tusiache nafasi."

Nikafikiria weee. Nikamwambia weka wowote mwanangu, ila kalamu rudisha kwenye begi, andika kwa hiyo hiyo penseli.