Kila kegi iwe na presha yake

Watu wengi wanaotengeneza bia nyumbani hapa Marekani huanza na mtungi mmoja wa gesi ya kaboni dioksidi inayoipa bia povu, regulata moja (kifaa cha kushusha presha ya gesi) na kegi mbili, yaani mapipa ya chuma ya bia, za lita 19. Wakipata hela kidogo wananunua kigawio cha kugawa gesi kwenye mipira kadhaa, wanachomeka kegi zote mbili, na zote zinapokea presha ileile. Mpangilio huu siukubali hata kidogo. Mtu anachemsha shayiri siku nzima, anasubiri hamira ifanye kazi wiki mbili, halafu bia yake inaharibiwa na kiwango cha gesi kisichoifaa.

Bia haziko sawa. Friji ikiwa na nyuzi 3 hivi za selsiasi, ale ya kawaida (aina ya bia) inapendeza kwenye pauni 11 au 12 kwa inchi ya mraba. Ale ya Kiingereza inataka nusu ya hapo. Bia ya ngano ya Kijerumani inahitaji kama 22, na soda ya tangawizi ya watoto inafika 30. Zifunge zote kwenye 12 na baada ya wiki mbili zitakuwa na gesi sawasawa: ya ngano imepooza, ya Kiingereza inachoma ulimi na kujaza glasi povu.

Dawa yake ni regulata ya pili. Ile ya kwanza, iliyofungwa kwenye mtungi, inapokea gesi yenye presha ya pauni zaidi ya 800 mtungi ukiwa kwenye joto la kawaida la chumba, na kuishusha hadi 30 au 35. Zinazofuata zinashusha tena, kila moja kwa kiwango cha kegi yake. Zinaweza kushusha tu, haziwezi kupandisha, kwa hiyo ya kwanza lazima iwekwe kwenye presha isiyopungua ya yoyote kati ya hizo.

Ukitaka kupunguza presha, kulegeza kitasa cha regulata pekee hakutoshi. Gesi iliyokwisha kuingia kwenye kegi haitoki kwa sababu umezungusha kitasa. Legeza, vuta pete ya valvu iliyo kwenye kifuniko mpaka sauti ya gesi ikate, kisha kaza taratibu huku ukitazama geji, yaani kipimo cha presha. Na usikubali regulata isiyo na valvu ya kuzuia gesi kurudi nyuma. Mtungi ukiisha usiku, kegi yenye presha kubwa inaweza kusukuma bia hadi ndani ya regulata, na kuisafisha ni kazi kweli.

Wanaopinga wanasema viungo vikiongezeka, sehemu za kuvuja nazo zinaongezeka. Hoja hiyo ni ya haki. Paka maji ya sabuni kila kiungo na uangalie mapovu, hasa kama mtungi uko kwenye chumba kidogo kisichopitisha hewa, maana gesi hii inaua.

Gharama nayo inatisha, najua, lakini huhitaji kununua nyingi kwa mpigo. Weka kiungo cha njia tatu baada ya regulata ya kwanza iliyowekwa kwenye 30: njia moja iende moja kwa moja kwenye soda, nyingine ipite kwenye regulata moja ya pili iliyowekwa 12 kwa ajili ya bia. Mpira wa kutolea soda uwe mwembamba na mrefu kuliko wa bia, la sivyo bomba litatema povu tupu.