Mkono wako hauna kosa, wifi

Juzi nilikaa barazani kwa wifi yangu, mbele yetu bogainvilea ya tatu ikikata roho. Ya kwanza ilikufa mwaka juzi, ya pili mwaka jana, na hii ilibakiza majani manne, moja la njano. Wifi akaitazama, akaguna, akasema ile kauli ambayo siku hizi nikiisikia damu inanichemka: "Mimi wifi sina mkono wa maua."

Mkono! Niliinuka nikaenda kukiinamia chungu. Udongo unanuka kama mfereji uliotuama. Sahani iliyo chini imejaa maji, ukijani umetanda pembeni, na viluwiluwi vya mbu wanaogelea kwa raha zao. Wao ndio pekee waliostawi pale. Nikamuuliza jua linafika hapa kuanzia saa ngapi. Akatazama mti, akatazama ukuta, akanitazama mimi. Miaka mitano anaishi kwenye nyumba ile.

Hapo ndipo hasira zangu zilipo. Mtu anaingia kitaluni jua la saa saba likiwaka, anaona ua limekolea rangi, moyo unamdunda, analibeba. Akifika nyumbani analiweka kwenye baraza lililokingwa na mti upande huu na ukuta upande ule, halafu likifa analaumu kiganja chake. Bogainvilea inataka si chini ya masaa sita ya jua kali kila siku ndipo ichanue sawasawa. Waridi vivyo hivyo. Na ubaya ni kwamba mimea hii haifi siku hiyo hiyo ukaelewa kosa. Inarefuka, inakonda, inainamia kwenye mwanga kama jirani anayetega sikio ugomvi wa watu. Wewe ukiiona imenyong'onyea unaionea huruma, na huruma yako unaimimina kwa kopo.

Sasa sikia. Kivulini udongo haukauki haraka, na mmea wenye mwanga kidogo unakunywa kidogo. Maji yakizidi, mizizi inakosa hewa, inaoza. Mmea uliooza mizizi unanyauka vile vile kama mmea wenye kiu, huwezi kuutofautisha kwa kuutazama tu. Basi unaleta kopo la pili. Na wale wanaotandika kokoto chini ya chungu eti maji yapite, poleni: maji hung'ang'ania kwenye udongo laini ulio juu ya kokoto, mizizi ikabaki kwenye tope lile lile, ila sasa imepunguziwa nafasi. Toboa tundu, mwaga maji ya sahani, basi.

Kabla hujanunua chochote, tafuta chaki. Siku usiyo na safari, kila saa chora mstari pale kivuli kinapoishia. Mimi nilifanya hivyo wanangu wakidhani nimerukwa na akili. Upande niliokuwa nauita "wa jua" ulipata masaa mawili na nusu tu! Kona ya nyuma ya mlango, niliyokuwa naegemeza mafagio, ilipata masaa manne ya asubuhi. Wanaposema kivuli nusu wanamaanisha kati ya masaa matatu na sita ya jua, lakini angalia pia ni jua la wakati gani. La asubuhi ni pole, la alasiri linababua majani laini.

Kona yangu ya mafagio sasa ina koliasi tatu, na hapa sitaki ubishi. Watu wamekariri kwamba rangi ni lazima itoke kwenye ua. Koliasi jani lenyewe ndilo pambo: damu ya mzee katikati, ukingo wa kijani cha limau, mishipa ya pinki kama mtu aliichora kwa kalamu. Ukikata ncha kwa kucha inatoa matawi mawili. Ile ncha usiitupe, itie kwenye glasi ya maji, baada ya wiki moja au mbili ina mizizi. Mmea gani mwingine unakulipa kwa kuukata?

Ukishikilia kwamba lazima uone ua, haya, begonia. Au impatiensi, ambayo kwao ni Afrika Mashariki. Mtaalamu wa mimea Mwingereza, Joseph Hooker, mwaka 1882 aliipa jina la kisayansi *Impatiens sultani* kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, na bado inanyauka kwa madaha ya kifalme ukisahau kuinywesha. Ukiimwagia, jioni imesimama. Mnanaa unavumilia kivuli, ila uwe na chungu chake, hauna adabu na majirani. Kangaga kwenye kona yenye unyevu.

Na ukiwa mtu wa kusahau, chukua sansevieria, ile ya majani yaliyosimama kama mapanga, au zamiokulkasi, ile ya majani mazito yanayong'aa, ambayo Waholanzi walianza kuizalisha kibiashara mwaka 1996. Chini ya udongo ina viazi vinavyohifadhi maji. Sahau hata wiki tatu, haitakununia.

Nakubali, tena kwa shingo upande, kuna watu wana kitu. Marehemu shangazi yangu alikuwa akichomeka kijiti chochote kinachipua, na sisi tukisema ana mkono wa baraka. Nilikuwa mtu mzima nilipogundua alichokuwa anafanya kila asubuhi kabla ya chai: anazunguka vyungu vyote, anadidimiza kidole cha shahada mpaka kiungo cha pili, anakitoa, anakitazama. Kikitoka na tope, anapita. Kikitoka kikavu, ndipo anamwagia.

Nilimwachia wifi chaki. Jana kanitumia picha: koliasi mbili, sansevieria moja, hakuna sahani ya maji. Nilifurahi kweli. Kisha nikaikuza ile picha. Nyuma kabisa, ukutani, pale ambapo mistari ya chaki inaonyesha jua halikufika siku nzima, kuna chungu kipya. Waridi, jekundu, limechanua.

"Wifi, lilikuwa linaniangalia," kaandika.